Mahojiano ya Visa ya Ndoa Pale Gigiri: Mwongozo Kamili kwa Mke au Mume Aliyeitwa

Mwongozo huu ni wa mke au mume aliye Kenya ambaye mwenzake ni raia wa Marekani. Ombi la I-130, alilotuma mwenzako ili akuombee kama mke au mume wake, limekubaliwa, ada zimelipwa, makaratasi yamepandishwa kwenye mfumo wa visa wa mtandaoni, CEAC, na kituo cha visa cha Marekani, NVC, kimetuma barua pepe yenye tarehe ya kufika ubalozini, barabara ya United Nations Avenue, Gigiri, Nairobi. Kama mwenzako ana grini kadi tu na bado hajawa raia, mengi ya hapa yanakuhusu pia, ila wewe uko kundi la F2A, la wenzi wa wenye grini kadi, na foleni yako inaongozwa na jedwali la visa linalotolewa kila mwezi.

Wengi huyaogopa mahojiano haya kama mtihani wa taifa, wakakesha wakikariri majibu. Yenyewe huwa mafupi, pengine mafupi kuliko muda utakaokaa kwenye foleni ya ukaguzi getini. Afisa haanzi upya. Mbele yake kuna DS-260, fomu ya visa uliyoijaza wewe mtandaoni, I-130 aliyoijaza mwenzako zamani kidogo, vyeti vyenu na picha zenu. Kama uliwahi kuomba visa ya kutembea au ya masomo ukanyimwa, majibu uliyoyatoa wakati ule nayo anayaona. Anachotaka kujua ni kama mtu aliyesimama dirishani na mtu wa kwenye faili ni mmoja, na kama ndoa hiyo ni ndoa kweli. Kwa hiyo mwenye kulijua faili lake vizuri amemaliza nusu ya kazi kabla hajafika Nairobi.

Kabla ya yote: uraia wako na mahali unapoishi

Tangu tarehe 1 Novemba 2025, mwombaji wa visa ya uhamiaji huhojiwa katika nchi anakoishi au nchi ya uraia wake. Mkenya mwenye ukaazi halali Doha au Muscat anaweza kupangiwa huko huko aliko. Anayetaka Nairobi kwa sababu ni kwao atoe taarifa mapema, kabla tarehe haijapangwa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kuanzia Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya visa kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo, na orodha hiyo imekuwa ikiongezwa. Kinachoangaliwa ni pasipoti. Mkaazi wa Eastleigh mwenye pasipoti ya Somalia hahesabiwi Mkenya kwa kuwa tu anahojiwa Gigiri. Soma tangazo la travel.state.gov juma lile lile unalosafiri kwenda Nairobi, na uachane na video ya mwaka juzi, hata kama aliyeirekodi alipata visa.

Hatua ya kwanza: lisome faili lako

Pakua DS-260 yako. Mwombe mwenzako nakala ya I-130 na ya I-864, fomu yake ya udhamini wa fedha. Ziwekeni mbele yenu, hata kama ni kwa simu ya video, mlinganishe mstari kwa mstari: mlikutana lini na wapi, ndoa ilifungwa tarehe gani, nani aliwahi kuoa au kuolewa kabla, watoto ni wangapi na wa nani, mwenzako anaishi wapi sasa, anafanya kazi gani. Mara nyingi mtagundua kitu. Yeye aliandika mlikutana Desemba, wewe ukaandika Januari. Yeye alihama nyumba baada ya kutuma ombi, wewe bado unakumbuka anwani ya zamani.

DS-260 ikishatumwa hufungwa, huwezi kuirekebisha kwa mkono wako. Dawa yake ni kumwambia afisa mwanzoni kabisa, kabla hajauliza: "Kuna sehemu nilikosea, naomba kuirekebisha." Kosa unalolitaja mwenyewe ni kosa la uandishi. Kosa hilo hilo likifumbuliwa na afisa huanza kufanana na uongo.

Sehemu mbili zinawaponza Wakenya kuliko nyingine. Ya kwanza ni ombi la zamani la visa. Miaka ya nyuma dalali wa fomu mtaani alikujazia "ameoa", au alikupa kazi ambayo hukuwahi kuifanya, ili uonekane una kitu cha kukurudisha nyumbani. Sasa mwenzako ameandika kwamba hukuwahi kuoa. Moja ya hayo si kweli, na rekodi zote mbili zipo. Kwa sheria ya Marekani, kudanganya kwa makusudi ili upate visa humfungia mtu mlango maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha kwa fomu ya I-601. Kama una kitu cha namna hii, zungumza na wakili wa uhamiaji mwenye leseni ya Marekani kabla ya siku ya mahojiano. Akikushauri mtu mtaani ukane, huyo hatakuwepo dirishani.

Ya pili ni mitandao. DS-260 inataka majina ya akaunti zako zote za miaka mitano iliyopita. Ile akaunti ya Facebook uliyoisahau, ambayo bado inasema uko na mtu mwingine, ni yako. Usiifute. Kuwa tu na maelezo yake.

Hatua ya pili: vyeti

Kwenda na nakala peke yake ni bure. Kila ulichokipandisha CEAC, beba asili yake.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zinatakiwa kusajiliwa, na za kimila zilianza kusajiliwa tarehe 1 Agosti 2017. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, iliyofana, ng'ombe waliohesabiwa na picha za wazee ni ushahidi mzuri wa uhusiano, lakini havisimami mahali pa cheti cha ndoa. Barua ya kasisi au ya mzee wa mtaa vile vile.

Ndugu zetu wa Pwani wana mambo yao ya kuangalia. Ndoa iliyofungwa bwana harusi akiwa Minnesota, wakili wake, yaani mtu wa kumwakilisha, akiwa msikitini Mombasa, inaweza kuwa sahihi kabisa kidini. Sheria ya uhamiaji ya Marekani lakini haiihesabu ndoa ambayo wawili hao hawakuwa pamoja wakati wa kufunga, mpaka wawe wamekutana kimwili kama mke na mume baada ya siku hiyo. Kwa hiyo utaulizwa alikuja lini baada ya nikahi na mlikaa wapi. Beba kurasa za pasipoti yake zenye mihuri, tiketi, risiti za hoteli au picha za ziara hiyo. Kama hajaja kabisa tangu nikahi, tatizo lenu haliko kwenye mahojiano, na ni afadhali aje kwanza.

Vile vile mke wa pili hapati visa ya mke wakati wa kwanza bado yuko ndani ya ndoa. Na talaka iliyotamkwa nyumbani bila kusajiliwa kwa Kadhi haitakusaidia, maana afisa anataka karatasi ya kila ndoa iliyotangulia na namna ilivyokwisha: hati ya talaka au cheti cha kifo, chako na cha mwenzako.

Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa miaka ishirini baada ya kuzaliwa ni jambo la kawaida kwetu, ila humfanya afisa aulize zaidi. Ongeza kitu cha utotoni: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza shule ya msingi. Majina nayo yakigongana, kwa mfano kitambulisho kina majina matatu na pasipoti ina mawili, kula kiapo kwa kamishna wa viapo kueleza kwamba ni mtu mmoja. Ukibadilisha jina rasmi, beba hati yake na tangazo la Gazeti Rasmi la Kenya. Hati za Kiarabu, kama za mahakama za Ghuba, ziende na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mtafsiri.

Cheti cha tabia njema kinaombwa kupitia eCitizen kwa shilingi 1,050, kisha unapigwa alama za vidole makao makuu ya DCI, Kiambu Road, au katika kituo cha Huduma. Aliyewahi kuishi nchi nyingine miezi 12 au zaidi baada ya kutimiza miaka 16 anahitaji cheti cha polisi cha nchi hiyo pia. Hapo ndipo dereva aliyekaa Qatar na dada aliyefanya kazi za nyumbani Emirati wanapochelewa. Kupata karatasi ya polisi ya nchi ambayo umeshaondoka, pengine kwa ugomvi na mwajiri, kunakula muda, basi hiyo iwe ya kwanza kuanza kuitafuta.

Kuhusu watoto, shika hili: mke au mume wa raia hasafiri na mtoto ndani ya ombi lake. Mtoto wako uliyekuja naye kwenye ndoa anahitaji I-130 ya peke yake, na anahesabika mtoto wa kambo ikiwa ndoa yenu ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18. Mtoto mliyezaa pamoja anaweza kuwa tayari ni raia wa Marekani kupitia mzazi wake, kwa sharti mzazi huyo aliishi Marekani miaka mitano kabla ya mtoto kuzaliwa, miwili kati ya hiyo ikiwa baada ya kufikisha miaka 14. Huyo mnamwombea hati ya kuzaliwa ya kibalozi, wala si visa.

Hatua ya tatu: daktari

Vipimo hufanywa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi tu. Kwa Nairobi, kituo kinachojulikana sana ni cha shirika la uhamiaji la kimataifa, IOM. Kipimo cha daktari wako wa siku zote, hata awe bingwa, hakihesabiki. Nenda na pasipoti, barua ya mahojiano, picha na kadi zako zote za chanjo. Usipokuwa na kadi utadungwa upya.

Kuanzia miaka 15 kila mtu hupigwa eksirei ya kifua. Hapa ndipo tarehe za watu wengi huvurugika. Eksirei ikionyesha alama yoyote, hata ya kifua kikuu kilichopona zamani, utatakiwa kutoa makohozi siku tatu na kusubiri yaoteshwe maabara, jambo linaloweza kuchukua majuma manane. Kwa hiyo usipime juma la mwisho. Wala usipime miezi mingi kabla, kwa sababu vipimo kwa kawaida hudumu miezi sita, wakati mwingine mitatu, na visa yako huisha pamoja navyo. Mjamzito amwambie daktari mapema kabla ya eksirei.

Virusi vya UKIMWI viliondolewa katika orodha ya magonjwa yanayozuia visa tarehe 4 Januari 2010. Bado wapo watu wanaoacha dawa majuma kadhaa kabla ya vipimo wakidhani watajificha. Wanajidhuru bure.

Hatua ya nne: fedha za mwenzako

Fomu ya I-864 ni ahadi ya kisheria ya mwenzako kwamba hutakuwa mzigo kwa serikali. Anatakiwa kuwa na kipato cha angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kwa jedwali la mwaka 2025, familia ya watu wawili ilihitaji takriban dola 26,437 kwa mwaka, isipokuwa Alaska na Hawaii ambako ni zaidi. Asiyefikia kiwango hicho anatafuta mdhamini wa pili, raia au mwenye grini kadi anayeishi Marekani, awe ndugu au rafiki.

I-864 iliyosainiwa mwaka uliopita ina habari za mwaka uliopita. Mwambie mwenzako akutumie rekodi mpya ya kodi kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hati za malipo za miezi ya karibuni na barua ya mwajiri. Na kama anaishi nawe hapa Kenya, lazima aonyeshe kwamba anahamia Marekani kabla yako au pamoja nawe: mkataba wa nyumba, kazi aliyopata, shule ya watoto. Familia za waliorudi kuwekeza nyumbani hushtukia jambo hili dirishani.

Hatua ya tano: ushahidi wa ndoa

Usibebe sanduku. Afisa hatasoma kurasa mia tatu za WhatsApp. Chagua kidogo kinachoonyesha muda ukipita: mazungumzo ya mwanzo, ya katikati, ya mwezi huu, picha za ziara tofauti mkiwa na watu wa pande zote mbili, risiti za fedha alizotuma, tiketi, jina lako kwenye bima yake au kama mrithi wa akiba yake. Picha thelathini za siku moja ya harusi zina nguvu ndogo kuliko picha nne za miaka minne. Nyuma ya kila moja andika tarehe, mahali, na nani ni nani.

Kama kuna kitu ambacho jirani angekinong'oneza, afisa naye atakiona. Tofauti ya umri wa miaka ishirini na tano. Ndoa iliyofungwa siku kumi baada ya kuonana uso kwa uso mara ya kwanza. Dini mbili. Wazazi ambao hawakualikwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalozuia visa, lakini kila moja linataka maelezo ya kweli na mafupi. Mlifunga ndoa kwa haraka kwa kuwa likizo yake ilikuwa inaisha? Sema hivyo.

Siku yenyewe

Lala Nairobi usiku wa kuamkia mahojiano kama unatoka Mombasa au Kisumu. Simu, tarakilishi na mabegi makubwa haviruhusiwi ndani, basi mwachie mtu unayemwamini. Beba bahasha ya plastiki inayoonekana ndani yenye barua ya mahojiano, ukurasa wa uthibitisho wa DS-260, pasipoti yenye zaidi ya miezi sita, picha mbili za sentimita tano kwa tano bila miwani, na vyeti vyako kwa mpangilio. Mwenzako halazimiki kuwepo.

Ndani utaitwa zaidi ya mara moja. Mfanyakazi mmoja atapokea vyeti vya asili na nakala, utapigwa alama za vidole, kisha utasubiri. Mwisho utaitwa na afisa Mmarekani, atakuambia uinue mkono wa kulia uape kwamba utasema kweli. Kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, omba Kiswahili hapo hapo mwanzoni. Kujibu nusu nusu kwa lugha usiyoimudu hukufanya uonekane unaficha kitu.

Maswali hutoka kwenye faili. Mlikutanaje? Nani alimtajia mwenzake ndoa kwanza? Alikuja kwenu mara ngapi? Harusi ilihudhuriwa na nani, na kama hakuna wa upande wake, kwa nini? Mahari ilikuwa nini na nani aliipokea? Aliwahi kuoa, na waliachana kwa sababu gani? Watoto wake wanaitwa nani? Anafanya zamu ya mchana au ya usiku? Mlizungumza mara ya mwisho lini? Utakaa mji gani, na nani mwingine yumo nyumbani humo?

Jibu ulichoulizwa, kisha nyamaza. Ukimya wa afisa anayepiga chapa si mtego unaotaka kujazwa. Usilolijua sema hulijui, na usilolikumbuka sema hulikumbuki. Mke asiyejua mshahara kamili wa mumewe ni wa kawaida duniani kote. Mke asiyejua kwamba mumewe ana watoto wawili na mtalaka wake, hapo pana kazi.

Utakavyojibiwa

Ukikubaliwa, afisa atakuambia na pasipoti yako itabaki. Ukirudishiwa pasipoti na karatasi yenye kifungu cha 221(g), soma alama zilizowekwa. Ama kuna karatasi inayotakiwa, kama rekodi ya kodi au cheti cha polisi, ama faili limekwenda kwenye uchunguzi wa ndani usio na muda maalumu. Siku hiyo au kesho yake CEAC itaandika "Refused", na nyumba nzima italia. Kwa 221(g) ndivyo mfumo unavyoandika, na hali hiyo hubadilika visa ikitolewa. Peleka kilichoombwa kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo. Kesi inayotakiwa hati ikikaa mwaka mzima bila wewe kufanya lolote inaweza kufungwa.

Afisa akiamini kwamba ndoa ni ya kutafutia karatasi, haifuti yeye. Anairudisha I-130 kwa idara ya uhamiaji, USCIS, ambayo humwandikia mwenzako kumpa nafasi ya kujitetea. Hapo wakili ni lazima, maana anayethibitika kufunga ndoa ya uongo kwa ajili ya uhamiaji hawezi kuombewa tena na mke au mume mwingine yeyote, hata ile ya baadaye ikiwa ya kweli.

Na akikupigia mtu anayedai yuko ubalozini, anataka M-Pesa ili "asukume faili", kata simu. Siku ya mahojiano haina ada ya kuharakisha. Ada za mwanzo, dola 325 ya ombi na dola 120 ya udhamini, mlishazilipa mtandaoni kwa NVC.

Visa ikiwa mkononi

Usinunue tiketi isiyorudishwa kabla ya wakati huu. Kagua jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho. Ukiona maneno IV DOCS IN CEAC, faili limetumwa kwa kompyuta na hutapewa bahasha. Ukipewa bahasha iliyofungwa, usiifungue. Ukipewa diski ya eksirei, isafiri nawe kwenye begi la mkononi. Kabla ya kupanda ndege lipa dola 235 za USCIS mtandaoni, la sivyo kadi yako haitatengenezwa.

Angalia pia herufi za daraja la visa. CR1 ni ya ndoa isiyofikisha miaka miwili, na IR1 ni ya iliyofikisha. Kinachohesabika ni umri wa ndoa siku unapoingia Marekani. Kama visa yako ni CR1 na miaka miwili imetimia kabla hujatua, mwonyeshe afisa wa uwanja wa ndege cheti cha ndoa na umwombe akuingize kama IR1, upate kadi ya miaka kumi. Atakayeingia kwa CR1 atapewa kadi ya miaka miwili, na nyinyi wawili mtatuma I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Visa iliyogongwa muhuri ndani ya pasipoti inatosha kama grini kadi ya muda kwa mwaka mmoja, hivyo unaweza kuanza kazi wakati kadi yenyewe bado iko posta.